Mguu wa Kushoto wa Fundi Koki

Mama alinipigia simu saa tatu kasorobo asubuhi, nikiwa nagonga mihuri kwenye fomu za uhamisho wa wanafunzi katika ofisi ya shule ninakofanya kazi ya ukarani. Mama si mtu wa kupiga simu asubuhi. Kwake simu ni ya Jumapili jioni, baada ya ibada na baada ya vyombo kuoshwa. Nikapokea nikiwa na mhuri mkononi.

Akasema, "Baba yako amefunga kiatu kimoja."

Nikauliza, "Na cha pili?"

"Cha pili hakukifunga."

Nikaweka mhuri chini. Mwalimu mkuu aliyekuwa dirishani aliniangalia, akatoka nje bila kuniuliza kitu, akaurudisha mlango taratibu. Namshukuru mpaka leo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Baba alikunywa chai, akameza kidonge chake cha asubuhi, akasali, akaketi kwenye benchi fupi karibu na mlango ili avae viatu aende kutembea. Mama alikuwa jikoni. Alimwona ameinama muda mrefu, akadhani anapambana na kamba. Akamwambia afanye haraka, jua litakuwa kali. Baada ya dakika chache akamwambia tena, kwa sauti ya juu kidogo, kwamba mtu mzima hawezi kushindwa na kiatu. Alipokuja kumsaidia ndipo akajua. Siku zile za msiba, kila aliyekuja kutupa pole Mama alimwambia, "Nimemgombeza marehemu mara mbili." Watu walishika midomo, hawajui wacheke au walie. Mimi nilicheka wa kwanza, Mungu anisamehe. Najua Baba naye angecheka, halafu angesema hiyo haikuwa mara ya kwanza kugombezwa bila kujibu.

Naandika haya kwa sababu kila aliyesimama kumzungumzia pale msibani alisema Baba alikuwa fundi hodari, mtu wa watu na mzee wa kanisa. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyesema habari ya mguu wake wa kushoto, na mimi naona usipoijua habari ya mguu ule, Baba yangu humjui.

Baba alikuwa fundi bomba. Kazi hiyo aliifanya zaidi ya miaka arobaini, na mtaa mzima walimwita Fundi Koki. Jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila alipoingia nyumba yoyote, hata kama ameenda kumjulia hali mgonjwa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Koki kuu iko wapi?" Siku tulipokwenda kwa wakwe wa kaka yangu kwa mara ya kwanza, tumevaa tukapendeza, baba mkwe ametukaribisha sebuleni, Baba aliuliza swali hilo kabla hajaketi. Mama alimkanyaga mguu. Baba akasema yeye anauliza kwa nia njema tu, kwa maana mwenye nyumba asiyejua koki kuu iko wapi anaishi kama mgeni kwake mwenyewe. Baba mkwe hakuwa anajua. Walitoka nje wote wawili wakaitafuta nusu saa, wakaipata chini ya majani ya maboga, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wakubwa.

Mguu ulianza kumsumbua akiwa na miaka sitini na minne. Hakusema. Baba alikuwa msiri wa maumivu kama wengine walivyo wasiri wa mishahara yao. Mama ndiye aliyegundua, kwanza kwa sababu Baba alianza kukataa kutumwa dukani, na duka liko pembeni tu. Akitembea hatua mia hivi, shavu la mguu lilimkaza kana kwamba mtu amelikamata kwa koleo. Akisimama kidogo linaachia. Akitembea tena linakaza. Pili, Mama alilalamika kwamba unyayo wa kushoto wa Baba umekuwa wa baridi kama kitu kilichotolewa kwenye friji, na kwamba yeye hakuolewa ili alale na samaki.

Kisha spana kubwa ya bomba ikamponyoka ikaangukia kidole gumba cha mguu huohuo. Kidonda kilikuwa kidogo, ukubwa wa punje ya mahindi. Kikakaa wiki moja, wiki mbili, mwezi. Hakikauki. Baba akakizungushia ule utepe mweupe mwembamba ambao mafundi huzungushia nyuzi za bomba. Mama alipouliza ndiyo dawa gani hiyo, Baba alijibu kuwa utepe ule kazi yake ni kuzuia kuvuja, na hapa kuna kitu kinavuja. Mwezi wa pili ulipoisha, ncha ya kidole ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Hospitali hataki. Basi Mama akamwambia kuna sinki linavuja kwenye wodi na wamemwita fundi. Baba akachukua boksi lake la vifaa akaenda, mimi na Mama nyuma yake, na ilikuwa safari ndefu maana kila baada ya hatua mia alisimama akasema anafikiria jambo. Tulipofika na kukabidhi kadi yake dirishani, ndipo alipojua, akatugeukia na kuliweka boksi chini. Ila nataka iandikwe kwamba kwenye chumba cha daktari kweli kulikuwa na sinki, na kweli lilikuwa linavuja. Mama huchukulia kwamba Mungu alimsitiri na uongo.

Daktari alikuwa binti wa makamo yangu, mpole, macho yamechoka. Alimpima Baba presha kwenye mkono kama kawaida. Kisha akahamisha kile kitambaa akakifunga kwenye kifundo cha mguu, akapima tena, akaandika namba mbili akazilinganisha. Hapo Baba, aliyekuwa amenuna kama amenyang'anywa boksi lake, akakaa vizuri. Baadaye alituambia kwamba mtu anayepima presha ya mwanzo wa bomba na ya mwisho wa bomba kabla hajafungua mdomo, huyo ni fundi, hata kama hajawahi kushika spana.

Daktari akaeleza kwamba mishipa inayopeleka damu mguuni imesinyaa na kuziba kwa ndani, sehemu kubwa kwa sababu ya sigara. Mguu haupati damu ya kutosha ndiyo maana unauma ukitembezwa, ndiyo maana ni wa baridi, na ndiyo maana kidonda hakifungi. Angempa vidonge vya kutanua mishipa.

"Vitazibua?" Baba akauliza.

"Havizibui. Vinatanua."

"Binti yangu, ukitanua mabomba yote ya nyumba kwa pamoja na tangi ni lilelile, ghorofani hawaogi."

Mama akafumba macho kwa aibu. Daktari akaweka kalamu chini, akacheka mpaka uchovu ukamtoka machoni. "Ndiyo maana, baba, ukinyanyuka haraka utasikia kizunguzungu. Ghorofani ni hapa," akasema, akajigusa kichwa. Akamweleza kuwa vidonge peke yake havitoshi. Atatembea kila siku: atembee mpaka mguu uume, asimame mpaka maumivu yaishe, atembee tena. Mguu ukidai damu namna hiyo, mwili wenyewe hufungua vijia vya pembeni vya kupitisha damu.

"Unasema mguu utajifungia bomba la kuzungukia?"

"Ukiutembeza. Na sigara uache. Kila sigara inafunga koki ambayo kidonge kimefungua."

Halafu akasema lile tulilokuwa tukiliogopa. Anampa miezi mitatu. Kidonda kikifunga, vizuri. Kisipofunga, weusi utapanda, na watalazimika kukata. Akaonyesha kwa upande wa kiganja chake, chini kidogo ya goti.

Tulipokaribia nyumbani Baba akamwambia Mama kwamba fundi wa mguu mmoja hawezi kupanda darini. Mama akamjibu kuwa mume wa mguu mmoja anaweza kukaa nyumbani na mke wake siku nzima.

"Hicho ndicho kinachonitisha," Baba akasema.

Lakini nilimwona akiketi kwenye ngazi ya nyuma, ameuvua mguu soksi, ameukamata kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Nikarudi ndani taratibu nikaanza kumwomba Mungu. Sikuomba mambo makubwa. Niliomba kidole.

Sigara aliziacha siku ileile, na namna alivyoziacha Mama hajaisahau. Alikwenda mlangoni, akachukua kile kipande cha bomba la chuma ambacho Mama alikuwa akikitumia kuzuia mlango usijifunge, miaka minne mfululizo, anakifuta vumbi kila Jumamosi. Akafungua kifuniko cha upande mmoja. Zikatoka pakiti tatu na kiberiti. Akampa. Mama alizipokea akakaa nazo muda mrefu, akisema kwa sauti ndogo kwamba na yeye alikuwa anakifuta.

Vidonge navyo vilikuwa na vituko vyake. Siku za kwanza uso ulimwiva mwekundu hadi masikioni, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio akiwa ameketi tu. Daktari alikuwa ametuonya kuwa hali hiyo hutokea na hupungua. Baba yeye aliifurahia. Alisema ukisikia mabomba yanagonga ukutani ujue maji yanakuja. Tatizo lilikuja wiki ya pili, alipoitwa kutengeneza tangi la juu la mteja mmoja. Alitaka mguu uwe na nguvu ya ngazi, akafikiri kama fundi: asubuhi unafungulia koki zote kwa pamoja, hewa itoke, presha ikae sawa. Akameza cha asubuhi, cha jioni na cha kesho yake, vyote kwa mpigo mmoja.

Mteja alimkuta ameketi juu ya dari, uso mwekundu kama pilipili, anatokwa na jasho, amekumbatia bomba. Alipoulizwa kama anaumwa, alijibu kwa heshima zote kwamba haumwi, anasubiri presha irudi ghorofani. Walimshusha kwa kamba. Daktari alimlaza siku nzima, akamgombeza kwa upole kiasi kwamba Baba aliona aibu kuliko kama angepigiwa kelele. Tangu hapo vidonge vilikaa kwa Mama, ndani ya kopo la majani ya chai, na Mama alimpa kimoja kimoja kama mchungaji anavyogawa mkate wa ushirika, na kumwangalia akimeza.

Basi ikabaki kutembea. Na hapa ndipo Baba alipoharibu mambo.

Kutembea hakukumshinda. Kusimama ndiko kulikomshinda. Mtu anayejulikana mtaa mzima hawezi kusimama tu katikati ya njia kama mlingoti, kila baada ya hatua mia, asiulizwe. Na Baba hakutaka kuulizwa. Kama watu wangejua mguu unaweza kukatwa, nani angempa kazi ya kupanda tangi? Kwa hiyo akabuni ujanja. Kila mguu ulipokaza, alihakikisha amefika kwenye mita ya maji ya mtu, au bomba lililotokeza ukutani. Husimama hapo, huinama, huangalia. Hugusa maungio. Wakati mwingine hutikisa kichwa, kwa sababu maumivu yalikuwa makali. Maumivu yakiisha, huendelea mpaka mita ya nyumba nyingine. Alitoka hivyo kila asubuhi na kila alasiri, na Mama alijisifu kwetu kwamba mzee anatembea kama askari.

Wiki ya tatu, zawadi zikaanza kuja. Ya kwanza ilitoka kwa jirani tunayemwita Mama Kuku, anayefuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake. Alileta trei nzima ya mayai, akampa Mama mlangoni, akasema, "Mwambie mzee nimemsalimia sana." Baada ya hapo ikaja sabuni ya mche. Yakaja mafuta ya kupikia. Ikaja sukari kilo mbili, iliyoletwa na mke wa mchungaji mwenyewe, tena amezunguka mlango wa nyuma. Mama alilia kwa furaha. Alisema hakujua kama watu wanampenda Baba hivyo, kwamba wameguswa na ugonjwa wake.

Hakuna kati yetu aliyejiuliza wameujuaje ugonjwa ambao tulikuwa tunauficha. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na nilipata alama nzuri ya hesabu, lakini sikujumlisha. Nilikaanga mayai.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo tungeyaona kama tusingekuwa tunashiba. Nyumba moja ilijaza mchanga kwenye kisanduku cha mita. Nyingine ilifungulia mbwa. Wanaume waliokuwa wakipiga soga barazani walinyamaza Baba alipopita. Na maji, ambayo kwa miaka yalikuwa yanatiririka kwetu kama machozi ya paka, ghafla yakaanza kutoka kwa nguvu. Baba akafungua bomba la jikoni akaliangalia kwa mshangao, akasema hatimaye watu wa mamlaka ya maji wameamka.

Siku moja alasiri mguu ulimkaza mbele ya geti la Mama Kuku. Ilikuwa mara ya kumi na ngapi sijui kusimama hapo, kwa sababu geti lile lilikuwa penye hatua mia kamili toka mita iliyotangulia. Akainama kwenye bomba lake. Mama Kuku akatoka, mikono kiunoni.

"Fundi, kila siku hapa hapa. Mayai umekula. Sasa unataka nini tena, kuku mzima?"

Baba hakuelewa. Mama Kuku akamwelewesha. Mtaa mzima ulijua kwamba mamlaka ya maji imemwajiri Fundi Koki kwa siri awachunguze waliojiunganishia maji kwa njia ya panya. Si anapita kila nyumba, asubuhi na alasiri? Si anainama kwenye kila mita? Si anatikisa kichwa? Watu walikuwa wamekata mabomba yao ya wizi usiku kwa usiku, na yeye Mama Kuku, ambaye kuku wake walikunywa maji ya bure miaka sita, alikuwa amekata lake wiki mbili zilizopita, kwa hiyo aache kumsumbua.

Baba alirudi nyumbani polepole kuliko siku zote. Akaketi. Akamwuliza Mama ni mayai mangapi yameliwa. Mama akasema yote. Akauliza na sukari. Mama akasema imebaki kidogo. Nilimwona Baba akifunika uso. Mtu huyu hakuwahi kupokea hata soda ya mteja kabla kazi haijaisha. Na sasa alikuwa amekula rushwa ya trei nzima, pamoja na familia yake, na mafuta ya kukaangia juu yake.

Hakutoka tena. Siku ya kwanza alisema ana mafua. Siku ya pili akasema jua. Siku kumi zikapita, anameza vidonge kwa uaminifu na anakaa chumbani amepandisha sauti ya redio. Ukijiuliza kwa nini asitoke akaseme tu kwamba si mpelelezi, jibu ni kwamba watu wangeuliza alikuwa anafanya nini basi kwenye mita zao, na jibu la swali hilo lilikuwa mguu. Mama alimsihi. Kaka alikuja kumsihi. Mimi nilikuwa ninabadilisha bandeji ya kidole, na siku ya kumi na moja niliona kile kidonda, ambacho kilikuwa kimeanza kukauka kingo zake, kimelowa tena.

Tulimrudisha kwa daktari. Akakiangalia, akapima mkono, akapima mguu. Akamwuliza anatembea mara ngapi. Baba akaangalia sinki.

Daktari akasema, "Baba, nilikupa vidonge na barabara. Vidonge umemeza, barabara umeiacha." Kisha akafungua kalenda ya mezani na kutuonyesha wiki zilizobaki. Zilikuwa tano. Hakuonyesha tena kwa kiganja mahali watakapokata. Haikuwa lazima.

Jumapili iliyofuata, baada ya mahubiri, ulifika wakati wa matangazo. Kwaya ilitangaza siku ya mazoezi. Akina mama wakatangaza usafi. Mchungaji akauliza kama kuna mwingine. Baba akanyanyuka, taratibu kama alivyofundishwa, akakishika kiti cha mbele yake mpaka kizunguzungu kikapita. Nilihisi watu kadhaa wakizama kwenye viti vyao, na mke wa mchungaji alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake.

Baba akasema, "Wapendwa, sichunguzi maji ya mtu. Mguu unaniuma."

Akaeleza yote. Mishipa iliyosinyaa, vidonge, hatua mia, kidole, goti. Alisema alisimama kwenye mita zao kwa sababu aliona haya kusimama bure. Alisema mtu yeyote ambaye bado angependa kumpa kazi amwite, na asiyependa atamwelewa. "Vitu mlivyotuletea, mke wangu atavirudisha. Isipokuwa mayai. Mayai tuliyala kwa dhamiri safi, na sasa hayarudishiki."

Aliyeanza kucheka ni mchungaji, na sidhani alikusudia. Kicheko kikamtoka kwenye kipaza sauti. Kanisa zima likafuata, watu wakavunjika mbavu, mpiga kinanda akaegemea kinanda kikalia chenyewe. Mama Kuku, aliyekuwa safu ya nne, alicheka akalia, akalia akacheka. Baba alibaki amesimama, anatabasamu kama mtu aliyetua mzigo ambao hakujua uzito wake. Mchungaji alipopata sauti akasema tufunge kwa sala, na alisali kwa kifupi kuliko siku zote, naye akatubu kidogo ndani ya sala hiyo bila kutaja maji.

Kesho yake asubuhi Baba alipotoka kutembea alikuta kiti cha plastiki kwenye hatua mia za kwanza. Mbele yake palikuwa na benchi, mbele zaidi kreti la soda limegeuzwa. Kiti cha Mama Kuku kilikuwa na mto. Watu walimwita kwa mbali kumwuliza mguu umefika hatua ngapi leo. Alifika mia na ishirini, akafika mia mbili. Shida mpya ikawa mazungumzo, maana kila kiti kilikuwa na mtu wa kuongea naye. Matembezi ya nusu saa yakawa ya saa mbili, na daktari akalazimika kumweleza kuwa alimwambia apumzike mpaka maumivu yaishe, hakumwambia mpaka habari ziishe.

Kidonda kilifunga wiki ya kumi na mbili. Ni mimi niliyefungua bandeji, asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Ngozi mpya, ya waridi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilimwita Mama. Mama alikiangalia kile kidole, akakigusa, akasema kina joto. Tukapiga magoti pale pale sakafuni, tumezunguka mguu wa Baba, na Baba akiwa juu ya kiti akasema tunamfanya ajione kama sanamu.

Daktari alisema mguu unabaki. Alituambia pia, bila kutuficha, kwamba ugonjwa wa mishipa haukai mguuni peke yake. Baba akamwambia anajua, nyumba ni moja na bomba ni moja. Aliendelea na vidonge vyake asubuhi na jioni miaka sita. Sigara hakurudia, isipokuwa mbili ambazo alimwungamia Mama mwenyewe. Alipanda madari. Alimpeleka kwa miguu mjukuu wake wa kwanza kubatizwa. Mwisho ulikuwa moyo, kama daktari alivyotuandaa, na ulikuja bila kumtesa. Namshukuru Mungu kwa hilo hata siku ambazo sitaki kumshukuru kwa lolote.

Alifariki Jumatano. Alhamisi kaka yangu na wazee wawili wa kanisa walikwenda kumwosha. Mama aliomba aachiwe miguu. Walimpisha, akaiosha yote miwili kwa maji ya vuguvugu, akaikausha kwa taulo, kwanza wa kulia kisha wa kushoto, akamvisha soksi. Hakulia wakati huo. Mimi nilishika beseni.

Jumamosi tulimleta nyumbani saa mbili asubuhi, watu wakapita kumwona. Saa nne tukaenda kanisani. Daktari alikuja, akaketi nyuma, akaondoka kabla ya mwisho kwa sababu alikuwa na zamu. Mchungaji alihubiri kutoka Zaburi, kaka akasoma wasifu, kwaya ikaimba nyimbo mbili. Kutoka kanisani hadi makaburini ni karibu, wanaume wakalibeba jeneza mabegani.

Wakaliteremsha kwa kamba. Mama alitupa udongo kwanza, akafuata kaka, nikafuata mimi, na wajukuu. Udongo ulikuwa mkavu. Mchungaji akasema maneno ya mwisho, tukaitika amina, wanaume wakachukua makoleo wakafukia mpaka kaburi likajaa. Tukaweka maua. Kaka akamshika Mama mkono, tukarudi nyumbani.